Marepu wapya wa dawa: kipi wasome kwenye simu, kipi kibaki darasani?

Mdawa_Ilala: Habari za kazi wakuu. Marepu wapya 9 (wawakilishi wa kampuni wanaotangaza dawa kwa madaktari) wanaanza na ALu, dawa mseto ya malaria (artemetha na lumefantrini), sita wako mikoani. Kukutana Dar ni siku 3 tu, bajeti imegoma. Mafunzo mseto, ya simu na ya darasani, nayagawaje hapo?

Kipimajoto: Mseto juu ya mseto! Wiki 2 za mwanzo ziwe za simu: malaria yenyewe, dozi, kanuni za TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Video isizidi dakika 7 na iweze kupakuliwa, maana repu wa Tunduma bando lake si kama lako la ofisini. Maswali yawe ya mgonjwa, siyo ya kukariri: "Mtu wa kilo 60 amemeza vidonge 4 saa 10 jioni, vinne vinavyofuata ameze lini?" Wengi watajibu kesho asubuhi, kwa mazoea ya kutwa mara mbili. Jibu ni saa 6 usiku. Dozi ya pili huja baada ya saa 8, ndipo asubuhi na jioni kwa siku 2, jumla vidonge 24. Kila dozi iende na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo lumefantrini haifyonzwi vizuri. Na kila mtu apewe maswali kwa mpangilio wake, vinginevyo majibu yatapigwa picha na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp kabla ya chai.

Mama Famasi: Kila video iwekwe tarehe. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza ALu hata kwa mjamzito wa miezi 3 ya mwanzo. Slaidi za kabla ya hapo bado zinasema kwinini. Repu aseme kilichomo kwenye kipeperushi kilichoidhinishwa na TMDA tu. Swali la nje ya hapo aliandike, alipeleke kwa mfamasia wa kampuni.

Siku 3 za Dar, projekta izimwe. Wakae watatu watatu waigize: mmoja repu, mmoja daktari, mmoja mtazamaji mwenye karatasi ya kuandika makosa. Dakika 3, na katikati "nesi" agonge mlango. Aliyekariri utamjua hapo hapo: anarudi mwanzo, "Habari za kazi daktari…"

Mdawa_Ilala: Shukrani dada. Kwa wafamasia, zoezi hilo hilo?

Mama Famasi: Hapana, watengee nusu siku yao. Mfamasia atauliza bei, bonasi, na nani anabeba hasara dawa zikiisha muda. Marepu wakirudi mikoani, msimamizi wa kanda aingie nao kwa madaktari mara 2 kwa wiki, mwezi mzima, na akae kimya. Akidakia jibu mbele ya daktari, hutajua repu ana nini kichwani.