Sare na madaftari ya Januari: niagize Kariakoo kwa simu au ninunue hapa soko la Mwanga, Kigoma?

MamaWatatu (Ujiji)
Habari za jioni wana jukwaa. Nina watoto watatu, wawili wako msingi na mmoja Januari anaingia kidato cha kwanza. Ada iliondolewa tangu 2016, tunashukuru, ila sare, viatu, begi na madaftari havijawahi kuwa bure. Baba yao yuko ziwani, na hela ya ziwani mnaijua, leo ipo kesho haipo. Kila nikifungua Instagram naona begi la Kariakoo karibu nusu ya bei ya hapa Mwanga. Sasa niagize vyote, niagize nusu, au niachane na simu niende sokoni nikabishane bei kwa mdomo? Aliyewahi kufanya anipe hesabu, maneno matupu ninayo ya kutosha.

MwishoWaReli (Gungu)
Dada, hesabu hii hapa, niliiandika nyuma ya kalenda mwaka jana.

Begi mbili: Kariakoo 12,000 kila moja, hapa 20,000. Nimeokoa 16,000. Madaftari dazeni nne: tofauti ni 500 kwa dazeni, nimeokoa 2,000. Nikajiona mjanja. Kisha mzigo wa basi 12,000, bodaboda kutoka stendi 2,000, makato ya kutuma hela 1,500. Piga mwenyewe: nimebaki na 2,500, na wiki nzima nampigia simu konda.

Kilichoniuma ni kwamba kijana wa mizigo aliniambia bila lile boksi la madaftari ningelipa 5,000 tu. Daftari ni karatasi, na karatasi ni uzito. Kwa hiyo niliokoa 2,000 kwa kutumia 7,000. Kutoka Dar hadi huku kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, huwezi kusafirisha kitu kizito cha bei ndogo umbali huo ukategemea faida. Begi na viatu agiza. Madaftari nunua Mwanga.

Kobe_Mpole
Bando la kuzunguka hizo kurasa mbona hulihesabu mkuu?

MwishoWaReli (Gungu)
Umenibana. Sikuhesabu.

BintiKatubuka
Kaka hapo juu hesabu yako ni nzuri ila uliagiza peke yako, ndiyo maana. Sisi mtaani tuko kina mama watano. Tunakusanya oda kuanzia Novemba, mzigo unakuja mmoja, nauli tunagawana. Ile 5,000 yako kwetu inakuwa 1,000 kwa mtu au pungufu. Na muuzaji akiona begi kumi anakupa bei ya jumla, hapo ndipo penye hela hasa.

Ugumu uko kwenye kukusanya pesa. Tulijaribu kumwachia mmoja atunze fedha taslimu, ikawa maneno hadi msibani. Siku hizi kila mtu anatuma kwa simu na ujumbe wa muamala anaubandika kwenye kundi la WhatsApp wote tuone. Asiyebandika hana oda, hata awe wifi yangu.

Halafu sare USIAGIZE. Nilinunua sweta mbili, kwenye picha ni bluu iliyoiva kabisa. Nafungua mfuko, bluu ya anga! Nikatoka nazo nje kwenye jua labda ni taa ya ndani, wapi. Mwanangu akarudishwa getini siku ya kwanza. Sare nunua kitambaa hapa unakishika kwa mkono, peleka kwa fundi, na umwambie aache pindo refu. Mtoto akirefuka unashusha, mwaka wa pili unavuka bila kununua.

MtuWaAsali (Tabora)
Mimi nilipigwa 45,000. Ukurasa una wafuasi wengi, picha safi, muuzaji ana lugha tamu kuliko asali yetu. Nikatuma kwenye namba ya kawaida, jina lililotokea ni la mwanaume wakati nilikuwa naongea na "dada". Nikasema labda mume wake. Dakika kumi nimeshazuiwa.

Siku hizi silipi kama hana lipa namba, na jina la biashara likitokea kwenye simu lazima lifanane na la duka kabla sijaweka namba ya siri. Bora zaidi, mtafute ndugu aliyeko Dar apite dukani, aone mzigo, alipe yeye. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke 15040. Na piga *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, unaweza kushangaa.

Mwl_Kasulu
MamaWatatu, umesahau vitabu, na ndivyo vinavyokula hela kimya kimya. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vya kiada unasoma bure. Mitihani iliyopita iko kwenye tovuti ya NECTA. Kwa huyo wa kidato cha kwanza usikimbilie kununua kila kitabu, uliza kwanza shuleni kipi wanacho.

Kuhusu bando alilosema Kobe: ingia mipangilio ya WhatsApp, zima kupakua picha na video zenyewe. Mke wangu alikuwa analalamika kifurushi cha wiki kinaisha Jumatano, kumbe ni video za makundi ya harusi. Alipozima kinafika Jumapili. Mtihani ukishaupakua mara moja, warushie wengine kwa Bluetooth.

MzeeWaMwalo (Kibirizi)
Wanangu mnahangaika na begi la mara moja kwa mwaka, mboga ya kila siku hamuioni. Mwezi ukiwa mweupe mitumbwi ya dagaa haitoki, taa hazivuti samaki, bei inapanda. Giza likirudi inashuka. Mjukuu wangu kaweka kundi la bei, kila asubuhi mtu wa mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, anaandika ndoo ya dagaa imetoka kwa bei gani. Anayenunua wakati wa giza akaanika anakula mwezi mzima. 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue tangu Mei 15 hadi Agosti 15, waliokuwa wameanika mapema ndio waliocheka.

Kobe_Mpole
Shikamoo mzee. Hapo nimekubali, hiyo meseji moja hata bando la 500 linatosha.

MzeeWaMwalo (Kibirizi)
Marahaba.

MamaWatatu (Ujiji)
Asanteni jamani, shikamoo mzee wangu. Basi madaftari Mwanga, sare kwa fundi, begi na viatu niagize. Vitabu namsubiri mwalimu wa shule. BintiKatubuka dada yangu, kundi lenu bado lina nafasi? Mimi ni begi mbili na viatu jozi tatu, mkubwa namba 37.

BintiKatubuka
Karibu, nakutumia kiungo cha kundi. Ila hiyo 37 umempima lini? Mpime jioni akitoka kucheza, mguu ukiwa umetanuka. Mwaka jana tulirudisha jozi mbili, na nauli ya kurudisha hakuna aliyetaka kuchangia.