Naombeni ushauri: niache kazi Dar nikachukue ekari 10 za mradi wa vijana kijijini?

Kibuyu Kitupu (mleta mada)
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Miaka yote humu ndani nasoma tu na kupita. Leo limenifika.

Nina miaka 34, mke na watoto wawili, niko Dar natunza stoo ya kiwanda. Mshahara unaishia tarehe 12. Kwetu ni Kanda ya Kati, wilaya naihifadhi. Mwaka huu halmashauri imetenga ardhi kwa vijana wasio na mashamba, kila mmoja ekari 10. Visiki vimeng'olewa, kisima kirefu kinachimbwa, bwana shamba yupo, mbegu ya alizeti ni ya ruzuku, na wanasema baadaye hatimiliki za kimila zitatoka. Majina yalibandikwa ofisi ya kata wiki mbili zilizopita na jina limetoka. Masharti ni kuripoti mwenyewe, kulima mwenyewe, hakuna kuuza wala kukodisha. Msimu mmoja ukiliacha pori, anapewa mwingine. Kuripoti ni mwisho wa mwezi huu.

Bosi kaninyima likizo bila malipo. Swali langu ni moja tu: niache kazi au nisiache? Usingizi sipati. Matusi naomba hapana.

Jembe Halimtupi
Bado unauliza? Ekari 10 zilizong'olewa visiki! Mimi niko Kiteto mwaka wa sita nakodi. Mwaka wa kwanza mwenye shamba aliniita mwanangu. Aliponiona nimeezeka bati akapandisha kodi. Niliponunua pikipiki akapandisha tena. Msimu huu nilimwendea na baiskeli ya kuazima ili anione nimefulia, akacheka akaniambia pikipiki yako nimeiona kwa fundi. Acha kazi ndugu yangu, kalime cha kwako.

Shemeji wa Wote
Unaishia tarehe 12? Una bahati wewe. Wangu unaishia kwenye meseji ya benki.

Mzee wa Mkonze
Marahaba. Mimi ni wa 1955. Siasa ni Kilimo ya 1972 nimeiimba, Kilimo cha Kufa na Kupona cha 1974 nimekilima, Kilimo Kwanza ya 2009 imenikuta nina mvi. Kaulimbiu hatujawahi kukosa. Tunachokosa ni mvua ya Februari, inakata wiki tatu mtama ukiwa umefika kiunoni. Nenda kaulize hicho kisima: kina maji, au kina shimo? Na maji yenyewe uyaonje. Huku kwetu kuna visima vya chumvi, ukimwagilia navyo unakausha mwenyewe.

Binti wa Singida
Alizeti msiisifie sana. 2023 ushuru wa mafuta ya nje ulikuwa umeshushwa, bei ya alizeti ikaanguka tukabaki tunatazamana na magunia. Mume wangu alisema tusubiri bei ipande. Panya hawakusubiri. Kama una mshahara, hata wa kuishia tarehe 12, usiuachie zao moja.

Mkulima wa Kalkuleta
Watu wasichanganye mambo. Huo utakuwa mpango wa halmashauri. BBT ya Wizara ya Kilimo, Jenga Kesho Iliyo Bora, ilizinduliwa Dodoma Machi 2023. Awamu ya kwanza walichukuliwa vijana 812 kati ya maombi zaidi ya 20,000, wakapelekwa kambini kufundishwa kwanza ndipo wafikirie mashamba makubwa ya pamoja kama Chinangali kule Chamwino. Kule kikomo kilikuwa miaka 40. Wewe kwenu kikomo ni kingapi?

Hesabu: ekari 10, kila ekari magunia 8...

Shemeji wa Wote
Hapo hapo, simama. Kalkuleta hiyo ndiyo iliyotupeleka kwenye matikiti maji. Kwenye karatasi nilikuwa milionea, shambani nilivuna matikiti manne na mbwa wa jirani alikula mawili. Mpaka leo sijui kama mbwa wote wanakula tikiti au ni yule tu.

Dada wa Ohio
Habari zenu wapendwa. Huku Marekani Wizara ya Kilimo ina mkopo wa kumsaidia anayeanza kununua shamba. Wewe unatoa asilimia 5, wao wanakukopesha mpaka asilimia 45, kilichobaki unatafuta benki. Mimi na mume wangu tulijaribu. Hawakutuuliza umri. Walitaka kujua tumesimamia shamba miaka mingapi, maana wanataka angalau miaka 3, halafu kama umeshazidisha miaka 10 wewe huhesabiwi kuwa anayeanza. Mume wangu akawaambia amelima Kigoma tangu anajua kutembea. Wakataka karatasi. Karatasi ya jembe la mkono utaitoa wapi?

Jembe Halimtupi
Dada rudi, Kiteto kuna mashamba ya kukodi. Njoo na baiskeli.

Mwanasheria wa Kijiweni
Mleta mada, nimesoma andiko lako mara tatu. Umeandika "jina limetoka". Hujaandika "jina langu limetoka". Na Kalkuleta amekuuliza kikomo cha umri, umepita kama hujaona. Jina lililobandikwa pale kata ni la nani?

Kibuyu Kitupu
Asanteni wote kwa michango. Mzee wa Mkonze, kisima nitakiuliza. Mwanasheria, jina ni la kwetu, ubini ni huohuo. Tusitoke nje ya mada: kazi niache au nisiache?

Mama Tunu
Ubini ni huohuo, je jina la kwanza?

Kibuyu Kitupu
Sawa. Jina ni la mdogo wangu.

Kikomo ni miaka 35, na mdogo wangu ndiye mwenye 34. Yuko Oman, ana mwaka wa tatu ni dereva wa familia moja Muscat, kulima hana mpango. Mimi ndiye niliyemsomesha, ada nimelipa mpaka kidato cha nne nikiwa nalala kwenye kibanda cha ulinzi. Wakati maombi yanatangazwa mtendaji, ambaye tumecheza wote chandimu, akaniambia jaza la mdogo wako, mkulima utakuwa wewe, nani atauliza. Sisi ni damu moja. Shamba ni la familia, jina ni karatasi tu. Sioni tatizo liko wapi, ndiyo maana sikulitaja.

Mwanasheria wa Kijiweni
Karatasi tu? Ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe na mimi tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo ina jina la mtu juu yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, hatimiliki ya kimila inaweza kutolewa bila kikomo cha miaka, na inarithiwa. Maana yake nini? Mdogo wako likimkuta la kumkuta huko barabarani, Mungu apishe mbali, warithi ni mke na watoto wake. Wewe uliyepanda na kupalilia utakuwa umewalimia shemeji.

Hapo sijagusa kujifanya mtu mwingine, ambako ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Siku ya kuripoti utaonyesha kitambulisho chenye sura ya nani?

Kibuyu Kitupu
Tunafanana sana.

Shemeji wa Wote
Alama za vidole nazo zinafanana?

Mjukuu wa Kinangop
Habari za huko ndugu zetu. Sisi huku Kenya hii tumeiona. Wazungu walipokuwa wakiondoka, serikali ilikuja na ule mpango wa ekari milioni moja, kuanzia 1962. Watu walipewa mashamba kwa mkopo wa Settlement Fund Trustees, na hati ulikuwa huipati mpaka umalize deni. Babu yangu alikuwa kazini Nakuru, kwa hivyo shamba la Nyandarua likaandikwa kaka yake, yeye akawa anatuma pesa ya deni kila mwezi. Deni lilipoisha hati ikatoka na jina la kaka. Wote wawili wamekufa. Mimi na binamu zangu tunasalimiana kupitia wakili. Kama hamjazikana, andikeni jina sawasawa.

Mama Tunu
Mimi sheria sijui. Mdogo wako anajua?

Kibuyu Kitupu
Anajua kidogo.

Mama Tunu
Kujua kidogo ndiyo kujuaje, baba?

Kibuyu Kitupu
Nilimwomba anitumie picha ya kitambulisho na cheti cha kidato cha nne. Nikamwambia ni kwa ajili ya kusajili laini ya mama.

Ila nilipanga kumwambia mavuno yakitoka, nimpelekee na fungu lake. Na jamani, nimeshamlipa mwenye trekta nusu, 250,000, ekari zote kumi. Barua ya kuacha kazi nimeiandika, iko kwenye droo. Sikuja hapa kuambiwa mimi ni mwizi. Wapo waliopata ekari hizohizo na hawajui hata mpini wa jembe uko upande gani.

Mama Tunu
Hakuna aliyekuita mwizi. Wewe ndiye umelileta.

Nyuki Dume
Jamani mbona mnalia na mtu wa kutunga? Hii ni chai. Andiko la kwanza ana miaka 34. Sasa 34 imekuwa ya mdogo wake. Nimeenda kwenye maandiko yake ya nyuma, Machi alileta uzi wa kuku chotara, humo ana watoto wanne. Hapa wawili. Stoo kipa wa kiwanda gani anayeshindwa kuhesabu watoto?

Shemeji wa Wote
Chai ya maziwa kabisa. Mwenye maandazi asogee.

Jembe Halimtupi
Na mimi nilimwonea wivu tangu asubuhi! Nirudishieni wivu wangu.

Mkulima wa Kalkuleta
Mimi naona katumwa kuchafua miradi ya vijana. Kila serikali ikitoa ardhi lazima atokee mtu na hadithi ya majina hewa.

Binti wa Singida
Katumwa na nani kwa hadithi ya aibu hivi? Mtu wa kutumwa angejipamba. Mimi namwamini. Kwetu orodha ya mbegu za ruzuku ilibandikwa, na marehemu mjomba alikuwa namba saba.

Nyuki Dume
Ajibu basi. Miaka mingapi, watoto wangapi.

Kibuyu Kitupu
Nina 41. Tangu Februari kila fomu ninayoishika naandika 34, tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wangu naijua kuliko yangu. Hapa nimeiandika bila kufikiri, nimeiona baada ya Nyuki kusema.

Watoto ni wanne. Wawili ninaishi nao.

Shemeji wa Wote
Haya, mada imehama. Wale wawili wengine wako kwa nani, na wanajua kidogo?

Mzee wa Mkonze
Muacheni. Mnamvua mtu nguo halafu mnamcheka yu uchi.

Kijana, maana kwangu wewe bado ni kijana, hiyo 35 ni ya mradi, si ya kijiji. Umezaliwa pale? Halmashauri ya kijiji inapokea maombi ya ardhi ya mwanakijiji wa umri wowote. Mwanangu wa pili ana 46, aliomba kwa jina lake akapewa ekari 3 zenye mawe. Si kumi, hazina kisima, visiki kang'oa mwenyewe mpaka mgongo ukapinda. Lakini anazilalia.

Kibuyu Kitupu
Mzee wangu, ekari 3 zenye mawe na hizi 10 ziko kando ya barabara. Ungekuwa wewe?

Mwanasheria wa Kijiweni
Mzee keshakujibu. Na usitegemee huyo mtendaji wa chandimu. Ukizuka mgogoro mtaanzia baraza la ardhi la kijiji, mtapita la kata ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, mtaishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kote huko atakayeitwa ni mwenye jina. Wewe utakuwa shahidi, ukiwa na bahati.

Nenda kata kabla ya kuripoti, useme jina liondolewe. Wa akiba atapanda.

Mama Tunu
Kabla ya kata, mpigie mdogo wako.

Jembe Halimtupi
Na barua ibaki kwenye droo.

Dada wa Ohio
Mimi bado naomba kuuliza, ile karatasi ya kuthibitisha umelima Kigoma, mtendaji wa kijiji anaweza kuandika? Yaani ya kweli, amelima kweli.

Kibuyu Kitupu
Nimerudi. Jana sikuingia.

Nimempigia. Nilisubiri saa nne usiku, kule inakuwa saa tano, ndiyo anakuwa amemaliza kuzungusha watu. Nikamweleza yote, mpaka la laini ya mama. Kanyamaza sana, nikadhani vocha imeisha. Halafu akauliza ni ekari ngapi. Nikamwambia kumi. Akauliza ziko upande gani, nikamwambia kule juu ya lambo, tulikokuwa tunachungia mbuzi. Akasema mkataba wake unaisha mwezi wa tano, na alikuwa hajaniambia kwamba hataongeza. Akasema nisiliondoe jina, atakuja kuripoti mwenyewe kama watamsubiri.

Sijamjibu kitu. Kwa hiyo sasa nauliza, ile 250,000 ya trekta nimdai yeye au nimdai mwenye trekta?

Shemeji wa Wote
Umemlimia mdogo wako, mdai mdogo wako. Ila kwanza apewe laini ya mama.

Mwanasheria wa Kijiweni
Mwenye trekta alikupa risiti?

Kibuyu Kitupu
Alinipa. Imeandikwa jina la mdogo wangu.