Mafundi wa kamera za mkanda, acheni kuwauzia watu maiki!

Wakuu, Kariakoo sasa wamezidi. Mtu analeta kamera ya MiniDV, ile ya kaseti ndogo za kidijitali, mkanda wa send-off ya mwaka 2006 unakatakata sauti, fundi hata mlango wa kaseti hajaufungua keshasema "maiki imekufa".

Maiki inahusikaje na kucheza mkanda? Kazi yake iliisha siku ile ukumbini. Sauti unayoisikia leo inasomwa na hedi, yaani kichwa kidogo kinachosoma mkanda.

Kwa PAL, mfumo wa video wa kwetu, kila fremu (picha moja moja ya video) imeandikwa kwenye mistari 12, na kila mstari una kipande chake cha sauti. Picha ikikosa data, kamera inaazima kwenye fremu iliyopita, unaona vijiboksi. Sauti haina pa kuazima, inanyamaza. Ndiyo maana inatangulia kulalamika! Silinda, ile ngoma inayozunguka ndani, ina hedi mbili. Ikiziba moja, nusu ya mistari haisomeki.

Kabla ya kumpiga mtu hela, cheza kipande kilekile mara tatu huku ukiangalia taimukodi, zile namba za muda kwenye skrini. Ikikata palepale kila mara, kosa liko kwenye mkanda. Ikihamahama, shuku hedi chafu. Weka kaseti ya kusafishia, ile kavu, sekunde 10, toa, wala usiirudishe nyuma. Mara mbili tatu bila nafuu, acha, maana inaisaga hedi. Na nyie wa pamba za masikio, nyuzi zinanasa kwenye hedi na kuivunja. Spiriti ya asilimia 70 nayo ina maji. Tafuta spiriti ya isopropili ya asilimia 99.

Kamera ikitoka kwenye AC ya gari kuingia joto la Dar, inaloa ndani na mkanda unanata kwenye silinda. Toa kaseti, acha mlango wazi saa nzima. Hilo nalo mtu analipishwa "sevisi".

Mkanda wa LP, yaani wa dakika 60 uliobebeshwa 90, mistari yake imebanwa kutoka maikroni 10 hadi 6.7. Kamera ngeni mara nyingi inashindwa kuufuata, itafuteni iliyorekodi.

Kama sauti haipo kabisa, angalia menyu kwanza. Mkanda uliorekodiwa sauti ya biti 12 una stereo mbili, ST1 na ST2, na ya pili mara nyingi ni tupu. Imekaa ST2? Rudisha ST1. Hapo bisibisi ya nini?

Fundi anayebisha aizibe maiki kwa kiganja huku mkanda unacheza, atuambie sauti imepungua wapi.