Kutengeneza kisafisha umeme cha mfumo wa muziki nyumbani: nianzie wapi?

Shangani_Stirio

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, Shangani, karibu kabisa na bahari. Nina amplifaya ya wati 100 kila upande yenye transfoma ya duara, deki ya CD, na dekoda ya ungo imeunganishwa humohumo. Matatizo ni matatu. Spika zinavuma "mmmm" hata sauti ikiwa chini kabisa. Friji ikiwaka au ikizima, spika zinapiga "tak". Tatu, jioni umeme unashuka hadi volti 195, na ukikatika, unaporudi unarudi kwa kishindo.

Nataka kutengeneza kisafisha umeme, yaani chujio, mwenyewe. Kulehemu kwa risasi naweza, malitimita ninayo. Naomba mpangilio wa saketi na thamani za vifaa, na mniambie kama kitamaliza yote matatu.

FundiMvumo

Mkuu, hakitamaliza yote. Hiyo "tak" ya friji ndiyo kazi yake. Mvumo na volti kushuka ni magonjwa mengine kabisa, na ukiyachanganya utanunua vifaa vya bure.

Anza na mvumo. Zima kila kitu, chomoa waya zote za sauti nyuma ya amplifaya, kisha uiwashe peke yake na spika. Ikiendelea kuvuma, fungua ukague kapasita kubwa za pawa saplai. Zikichoka zinavuma hivyohivyo na hakuna chujio la nje litakalosaidia. Ikinyamaza, rudisha kifaa kimoja kimoja. Mimi ninaishuku dekoda. Kwenye ungo, kebo ya nje inagusana na nguzo au bati, kwa hiyo mfumo wako unapata eathi mbili zenye volti tofauti kidogo, na mkondo unapita kwenye ganda la waya wa sauti. Ifungue kebo ya ungo nyuma ya dekoda: mvumo ukikatika palepale, jibu umelipata.

Usiweke kizuizi kwenye kebo ya ungo, kwa sababu kebo hiyohiyo ndiyo inayopeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha ungo; ukiikata, picha inapotea. Weka transfoma ndogo za sauti za ohm 600 kwa 600, moja kwa kila upande, kati ya dekoda na amplifaya. Halafu chomeka vyote kwenye ekstensheni moja ili vitumie eathi moja.

Na tafadhali, usikate pini ya eathi kwenye plagi ili mvumo uishe. Utaisha kweli, lakini siku transfoma ikivuja, bodi ya amplifaya itakuwa na volti 230 na mtu ataigusa.

Waya_Tatu

Nakubaliana na FundiMvumo. Sasa saketi, kwa mpangilio kutoka plagi kwenda soketi:

Plagi ya pini tatu yenye fyuzi → swichi inayokata laini na nyutro kwa pamoja → fyuzi ya pole T6.3A → fyuzi ya joto → varista (kinachomeza msukumo wa volti) → kapasita X2 (inakaa kati ya laini na nyutro) ya 0.47µF na rezista ya 470kΩ sambamba nayo → koili ya njia mbili ya 1 hadi 3 mH, ampea 6 au zaidi → kapasita X2 ya 0.22µF → kapasita mbili Y2 za 4.7nF, moja kutoka laini kwenda eathi, nyingine kutoka nyutro kwenda eathi → soketi.

Fyuzi lazima iwe ya pole. Transfoma ya duara inavuta mkondo mkubwa sana sekunde ya kwanza, na fyuzi ya haraka itakatika kila ukiwasha. Rezista ya 470kΩ usiiache: bila hiyo X2 inabaki na chaji, na ukigusa pini za plagi baada ya kuichomoa utapigwa.

Varista chukua 20D471K, ya volti 300 AC. Wengi wanauziwa 431K ya volti 275, na kwa umeme unaopanda mara kwa mara inachoka mapema. Weka moja kati ya laini na nyutro. Mbili nyingine zitoke laini na nyutro zikutane nukta moja, na hapo weka kibomba cha gesi cha volti 600 kwenda eathi, ili varista zikichakaa zisivujishe mkondo kwenye eathi. Fyuzi ya joto ilale imegusana na varista, mzifunge pamoja kwenye mfuko wa nyuzi za kioo. Varista ikifa haizimi kimya: inapata moto, inavimba, inawaka. Ndiyo maana boksi liwe la chuma, si la mbao wala plastiki.

Kapasita ziwe na alama ya X2 na Y2 juu yake. Kapasita ya kawaida ya volti 400 ikipiga shoti kati ya laini na eathi, na eathi ni mbovu, bodi nzima inakuwa na umeme.

Eathi_Kwanza

Kwa watu wa pwani, Lindi na Mtwara, hela ya kwanza iende kwenye eathi na kikata-volti. Chujio lifuate.

Y2 mbili bila eathi ni hatari. Zinagawa umeme nusu kwa nusu, boksi na bodi ya amplifaya vinakaa kama volti 115. Mkondo ni mdogo, chini ya nusu miliampea, lakini ukipitisha mgongo wa kidole kwenye bodi unahisi inakwaruza, na testa inawaka. Ukiona hivyo, eathi haipo. Kabla ya kufunga chochote, mwite fundi apime fimbo yako ya eathi kwa kipima-eathi. Mchanga wa pwani ukikauka kuanzia Juni mpaka Oktoba, fimbo moja ya mita 1.2 mara nyingi haitoshi. Ongeza ya pili, umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo, uziunge kwa waya wa shaba wa mm² 16. Watu humwaga chumvi shimoni; upinzani unashuka lakini fimbo inaliwa. Na kwenye meni-swichi pawepo kikata-uvujaji cha miliampea 30.

Sasa kile kishindo. Varista inameza msukumo wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Nyutro ikikatika nguzoni, nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 400 kwa dakika nzima, na hapo varista inaungua tu. Dawa ni kikata-volti chenye kuchelewa, kama zile gadi za friji: kikate chini ya 190 na juu ya 260, kirudishe baada ya dakika tatu. Kiwekwe kati ya soketi ya ukutani na chujio. Kama 195 za jioni zinakukera, hiyo ni kazi ya stebilaiza, VA 1000 inatosha kwa mfumo wako.

Hewa ya chumvi: baada ya kumaliza, paka bodi ya saketi vanishi ya kusukia mota, mafundi wa mota wanayo. Usipake juu ya varista. Nati ya eathi iwe ya chuma kisichoshika kutu, na ukwangue rangi ya boksi mpaka chuma kionekane.

Shangani_Stirio

Asanteni sana. Nimefungua kebo ya ungo, mvumo umekatika wote. Maswali mawili: naweza kutoa koili kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa? Na nikitumia inveta umeme ukikatika?

Waya_Tatu

Koili na X2 zake zinafaa, ila waya wa koili ukiwa mwembamba kuliko milimita 0.8 hautabeba mfumo wako. Tumia kwa deki na dekoda tu. Kabla hujagusa ndani, pima kapasita kubwa mbili: zinaweza kuwa na zaidi ya volti 300 hata kama plagi imechomolewa. Zimalize kwa rezista ya 10kΩ wati 5, subiri, upime tena.

Inveta ya mawimbi safi haina shida. Ile ya bei rahisi, ya mawimbi ya ngazi, usiipitishe humu. Kila ngazi inasukuma mkondo mkali ndani ya X2, kapasita zinapata moto na inveta yenyewe inalia. Chomeka dekoda moja kwa moja kwenye inveta, na amplifaya isubiri umeme urudi.