Mrejesho: picha za mama mdogo akiparua sato, Igombe

Wakuu, niliuliza kama mimi niliyekulia Igombe, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, nahitaji ruhusa kuwapiga picha kina mama wa kwetu wakiparua samaki. Wengi mlisema niombe, kisha nishike kisu niparue nao kabla ya kutoa kamera. Nimefanya hivyo. Mama mdogo akacheka: "Mgeni wa Dar, miba itakuchoma!" Beseni la sato lilipokwisha, hakuna aliyejali kamera tena.

Picha nzuri zimetoka asubuhi; saa sita jua linang'aa kwenye magamba, uso unabaki gizani. Aliyeshauri flashi, hapana. Jirani mmoja hakutaka sura yake ionekane, nikapiga mikono tu, na kwangu ndiyo picha bora. Mama mdogo anataka nimchapishie picha moja: ile ya gauni la kanisani, isiyo na samaki hata mmoja.