Naomba ushauri: mzee jirani ameninunia kwa karata niliyovuta mezani

FundiViyoyozi_Malindi

Hamjambo wenzangu. Jambo hili limenikaa rohoni wiki ya pili sasa, na nyumbani siwezi kulitoa kwa sababu mama hajui kuwa huwa naingia kasino.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Malindi. Kuanzia Desemba wageni wakijaa, hoteli na nyumba za Waitaliano hunipa kazi nyingi, na Ijumaa moja moja nikishalipwa naenda kucheza blakijaki, ule mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuivuka, ukishindana na dila, mgawa karata wa kasino. Naingia na shilingi 3,000, zikiisha nafunga siku. Sinywi pale. Mchezo wenyewe naupenda, nimekaa nao nikausoma: nikiwa na jumla fulani na dila anaonyesha karata fulani, najua la kufanya kabla sijaulizwa.

Ijumaa hiyo nilikuta nafasi moja tu, kiti cha mwisho, kile ambacho aliyekikalia huamua baada ya wote, kisha dila anajivutia zake. Mezani walikuwepo Waitaliano wawili watu wazima, dada mmoja mfanyabiashara, na mzee jirani yetu aliyefanya kazi na marehemu baba miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya mama.

Dila akajipa 3. Mimi nikapata 12. Nikaomba karata, akaja mfalme, ambaye ni 10, nikavuka 21. Dila akavuta 9, akawa na 12, akavuta 9 nyingine. 21. Meza nzima ikafagiwa. Mzee alikuwa na 20 mkononi na dau la shilingi 5,000. Akapiga meza kwa kiganja: "Ungetulia, mfalme angemwendea yeye, angevuka! Karata yetu umeichukua wewe!" Akasema tangu niketi pale nimeleta nuksi, na kwamba kiti kile si cha watoto. Nami nikamjibu kwa sauti ileile, "Pesa niliyoweka ni yangu, si yako." Wale Waitaliano wakacheka. Mzee akakusanya vilivyobaki, akatoka.

Asubuhi yake nilimkuta kwa mama anayetuuzia mahamri na mbaazi. Nikasema shikamoo. Alinitazama, akageuza uso. Mpaka leo hajaitikia. Tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa marahaba na mtu mzima.

Nina maswali mawili. Kwa karata, nilikosea? Na watu wa namna hii mnaishi nao vipi mezani? Si yeye peke yake. Kuna anayekataza mtu kuingia katikati ya mchezo, kuna anayetaka dila abadilishwe, kuna anayenung'unika ukigusa chipu zako, vile vidude vya kuwekea dau, kabla ya zamu. Mimi nataka kucheza kwa amani tu.

BintiShela

Pole kakangu. Mimi nimeshaambiwa niinuke kwa kuwa ni mwanamke. Niliketi, dila akapata 21 mara mbili mfululizo, jamaa mmoja akasema mbele ya kila mtu, "Huyu ana kisirani." Nililia nikiwa kwenye tuktuk.

Siku hizi nikikuta mchezo uko katikati nauliza kwanza: niingie sasa au nisubiri karata zichangwe upya? Haki ya kuketi ninayo, lakini swali hilo limenipunguzia maneno mengi. Wengi husema karibu. Wakisema nisubiri, nasubiri.

Na hao Waitaliano nao wana yao, usidhani ni sisi tu. Kwao nambari ya nuksi ni 17, kama wengine walivyo na 13. Nimemwona mmoja ana 17 mkononi akitafuta chuma cha kugusa chini ya meza. Nilimwacha aguse.

DilaWaZamani

Nimesimama nyuma ya meza hizo miaka kadhaa kabla ya kuacha, kwa hiyo nijibu swali lako la kwanza.

Hukukosea. Ukiwa na 12 na dila ana 3, kuvuta ndiyo sahihi, ingawa kwa tofauti ndogo sana. Kinachokuvusha ni karata ya thamani ya 10 tu, yaani 10 yenyewe na zile picha tatu, aina 4 kati ya 13. Ukisimama, yaani usipoongeza karata, unashinda dila akivuka tu, na akianza na 3 huvuka kama mara 37 katika 100. Ukijumlisha hayo, kusimama kunakupotezea wastani wa shilingi 25 hivi kwa kila 100 unayoweka, kuvuta kunakupotezea kama 23. Vyovyote uko pabaya, unachagua pabaya kidogo.

Sasa hilo la "karata yetu". Mzee anasema kweli kwamba siku ile, kwa mpangilio ule, ungesimama dila angevuka: 3, mfalme, 9 ni 22. Lakini hakuna aliyejua mpangilio. Geuza: tuseme karata zilizokuwa zinakuja ni 8, mfalme, malkia. Ukisimama, dila ana 3 na 8, akiongeza mfalme ni 21, meza nzima imelia. Ukivuta, wewe una 20, dila ana 3 na mfalme, akija malkia amevuka, meza nzima imelipwa. Karata zinazookoa watu kwa kuvutwa na zinazowaponza zinalingana kwa muda mrefu. Nimeona mtu wa kiti cha mwisho akiokoa meza kwa namna hiyo mara nyingi mno, na sijawahi kusikia akishukuriwa. Hilo ndilo linalowadanganya wachezaji: mara ya kuumia wanaikumbuka mwezi mzima, ya kuokolewa hata hawaioni.

Ila usimweleze mtu haya akiwa mezani ameshapoteza. Nimejaribu, ni kama kumwagia mafuta ya taa. Kisanduku cha kugawia chenye pakiti 6 kina karata 312, na aliyepoteza anaikumbuka moja tu.

La kufanya ni hili. Kiti cha mwisho kiache. Karata ni zilezile kwa kila kiti, lakini lawama zote huenda pale kwa kuwa ndicho macho yanachokitazama. Kaa cha kwanza au cha kati, vuta 12 yako kila ukitaka, hakuna atakayeiona. Nenda mapema meza zikiwa tupu, cheza na dila peke yake. Na mtu akipiga meza au akitukana, usimjibu wewe, mtazame dila. Sisi tulifundishwa kumwita msimamizi wa meza, na msimamizi ana maneno ambayo mchezaji mwenzake akiyasema ni ugomvi. Kama dila naye amekaa kimya, chukua chipu zako, sema asanteni, hama.

Jambo jingine, kwa kuwa umesema umeusoma mchezo. Hata ukicheza kila mkono sawasawa, kasino bado ina nafasi kukuzidi, kama nusu ya shilingi katika kila 100 zikiwa kanuni za meza ni nzuri, na zaidi ya hapo zikiwa mbaya. Kipimo chako cha 3,000 kishike kama ulivyokishika.

Mambrui_Salama

Ndugu yangu, sikuhukumu, lakini nikinyamaza nitakuwa nimekudhulumu. Katika Sura ya Maida, aya ya 90, kamari imetajwa pamoja na ulevi, na aya inayofuata inasema shetani anataka kutia uadui na chuki kati yenu kwa hivyo viwili. Soma tena hadithi yako. Jirani wa baba yako, mtu aliyekuulizia hali ya mama, saa moja baadaye hamsemezani. Mimi kakangu alianza kwa 3,000 pia. Nakuombea.

FundiViyoyozi_Malindi

@Mambrui_Salama nimekusoma na nimekuelewa, ahsante kwa kulisema kwa upole. @DilaWaZamani, huo mfano wa 8 na mfalme nimeuandika kwenye daftari nikauchezea na karata za nyumbani mpaka saa sita usiku. Roho imetulia upande wa karata. Upande wa mzee bado.

Lamu_Baraza

Huku kwetu Lamu meza hizo hatuna, lakini watu wa nuksi tunao. Kaa Mkunguni mbele ya ngome jioni, tazama bao. Kete zote ziko wazi, hakuna kilichofichwa, mtu anafungwa kwa mkono wake mwenyewe, bado atamgeukia mtazamaji: "Wewe, toka hapo, macho yako yananifunga." Na mtazamaji anasogea! Anasogea upande wa pili, mchezo unaendelea.

Mama yangu anauza duka. Mteja wa kwanza asubuhi akitaka kukopa, hampi, hata awe dadake. Hawezi kufungua siku kwa deni. Nimeacha kubishana naye. Anayeweka riziki yake mahali asipoweza kuona mbele hutafuta kitu cha kushika, na ukimpokonya unabaki na mtu mwenye hofu tupu.

MzeeMajengo

Mwanangu, nimesoma yote. Wenzako wamekujibu vizuri kuhusu karata, lakini karata siyo iliyomfanya mzee akunyime marahaba.

Nirudie maneno yako mwenyewe: "Pesa niliyoweka ni yangu, si yako." Kwa sauti. Mbele ya wageni, na wageni wakacheka. Ungekuwa umekosea karata na kunyamaza, angekasirika usiku ule na asubuhi angekuitikia kwa shingo upande. Wewe ulikuwa sahihi na ulimvunjia uso. Mtu wa umri wetu anaweza kupoteza shilingi 5,000 akalala. Kuchekwa na watu kwa sababu ya mtoto aliyemjua akiwa tumboni, hapo halali.

Sisemi alikuwa na haki. Kukuita nuksi ni neno baya, na mtu mzima anayepiga meza amejishusha mwenyewe kabla hujamshusha. Lakini wewe ndiye uliyekuja kuomba ushauri, kwa hiyo nakushauri wewe.

Tena nina dukuduku. Mzee mstaafu anayeweka 5,000 kwenye mkono mmoja, halafu anaondoka mezani kwa hasira ya namna ile, mara nyingi hiyo pesa ilikuwa na kazi nyingine. Ada, karo, dawa, sijui. Mtu akicheza na pesa ya kuchezea hukunja uso, akaagiza soda. Akicheza na pesa ya nyumba hutafuta wa kumlaumu, kwa kuwa nyumbani ataulizwa. Aliyekuwa karibu ni wewe.

Nenda kwake mchana, baada ya Alasiri. Usiende mikono mitupu, beba sukari na majani ya chai. Usitaje mfalme wala 9. Wala usiseme "lakini". Omba radhi kwa kumjibu mbele za watu, kwa hilo tu, ukae kimya, umwache aseme.

KisumuNdogo_254

Mzee Majengo kwa heshima yote, kwa nini yeye aombe radhi? Ametukanwa, ameitwa mtoto, amepoteza dau lake vilevile! Tukizidi kuwafunika wazee kila wakikosea hawataacha.

MzeeMajengo

Mwanangu, sijamwambia aombe radhi kwa karata. Soma tena.

BintiShela

Naungana na Mzee. Ila kaka, akianza tena kukuita nuksi siku nyingine mezani, inuka. Radhi ni mara moja, si kila Ijumaa.

FundiViyoyozi_Malindi

Narudi kuwapa habari, maana wengine mmeniandikia faraghani.

Nilichukua siku nne kupata ujasiri. Jana baada ya Alasiri nilikwenda, na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani. Mkewe alinikaribisha barazani, mzee akatoka, akaketi upande wa pili asiseme kitu. Nikasema kama Mzee Majengo alivyonifundisha: baba, nilikujibu vibaya mbele ya watu, naomba unisamehe. Nikanyamaza. Ule ukimya ulikuwa mrefu, nilikuwa natazama kuku tu uani.

Kisha akaniuliza, "Ile 12, kweli unavuta?" Nikamwambia ndiyo, baba, navuta. Akatikisa kichwa, akasema yeye asingevuta mpaka kufa. Sikubishana. Halafu akanieleza mambo mengine ambayo si yangu kuyatoa hapa, ila Mzee Majengo, dukuduku lako lilikuwa na ukweli. Aliniomba nisimwambie mama kuwa tulikutana kule, nami nikamwomba vivyo hivyo.

Kasino sijarudi bado. Nikirudi nitakaa kiti cha kwanza, na nikimkuta yeye mezani nitamwamkia na kutafuta meza nyingine. Nimemwambia hivyo na ameridhia.

Leo asubuhi nilimkuta palepale kwenye mahamri, watu wamejaa. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, kwa sauti, akaongeza kuwa friji ya duka la mwanawe inavuja maji chini, nitapita lini. Napita kesho saa nne.