Tupeane uzoefu: ada ilifutwa, ila nini kilikukwamisha shule kwa sababu ya hali ya nyumbani?

Habari zenu wakuu. Tangu Januari 2016 huku Tanzania hatulipi ada mpaka form four, 2022 wakaongeza five na six, sawa, hongera zao. Ila ukikaa na watu waliokulia maisha magumu wengi hata hawaitaji ada, wanakutajia vitu vya ajabu ajabu ambavyo hakuna bajeti inayovijua. Leo tuvitaje hivyo.

Naanza mimi. Shati moja jeupe la shule, mama analifua usiku linaning'inizwa juu ya mafiga likauke. Kiangazi hakuna shida, masika ndo balaa, asubuhi bado bichi halafu linanuka moshi, wenzangu wanaziba pua. Basi nikahamia dawati la nyuma kabisa mwenyewe tu bila kuambiwa na mtu, na huko nyuma ubao sioni vizuri, mkono sinyooshi maana nikisimama wanageuka wote. Ticha akaandika kwenye ripoti "hashiriki darasani". Yani shati tu wakuu. Haya, wengine shusheni.

Mtu wa Nyanda
Mi kwetu Njombe, na sijawahi kulala njaa. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo. Lakini mayai yanaenda sokoni, maziwa yanaenda sokoni, tunabaki na ugali. Mama anatoka alfajiri kwenda shamba, kachanga kanaachiwa dada yake ambaye mwenyewe yuko la pili, anakakorogea uji mweupe wa sembe asubuhi na mchana tena. Mdogo wangu alikuwa mfupi sana, nyumbani wanasema ah ukoo wetu ndo tulivyo, mpaka nesi wa kliniki alipoweka alama kwenye kadi na kumuuliza mama huyu anakula nini. Ule utafiti wa afya wa 2022 ulitoa udumavu nchi nzima asilimia 30, Iringa karibu 57, Njombe na Rukwa kama nusu ya watoto. Mikoa inayolisha nchi hiyo! Na ubongo unajengwa sana kwenye zile siku 1000, toka mimba mpaka miaka miwili, kwahiyo mtoto anafika la kwanza mechi ishachezwa kipindi cha kwanza.

Chaki Mkononi
Mi mwalimu wa darasa la tatu, kijijini. Naomba niwaambie kitu kimoja. Saa nne ni saa ya uji. Shule niliyokuwa mwanzo, ambao wazazi hawajachangia walikuwa wanaambiwa wakacheze uwanjani wenzao wakinywa, na hao watoto hawachezi, wanasimama pale ukutani wanaangalia vikombe. Kengele ikilia wanarudi darasani, kufika saa tano mwingine ameshalala juu ya daftari, ukimwamsha ukamuuliza saba mara nane anakutazama tu macho makavu. Na darasa lina watoto zaidi ya mia, sasa utajuaje huyu ana njaa na huyu hajaelewa? Wote wanaitwa wazito. Mtihani ukija wa mwisho ni walewale.

Wa Ganze
Mimi nyumbani Kilifi, ndani ndani huko Ganze. Elimu ya bure ilipokuja 2003 tulifurahi kweli kweli, darasa likajaa hadi watu wakaketi chini. Lakini ukame ukishika, maji ni mbali. Twatoka na mitungi ya lita 20 kabla jua, foleni bombani, ukifika shule mwalimu wa zamu yuko getini na fimbo. Viboko vilipigwa marufuku Kenya 2001 ati, labda barua haikufika kwetu. Baadaye waona afadhali usiende kabisa kuliko kwenda kuchapwa kwa sababu ya maji ya mama yako. Wasichana ndio waliokatika mapema, maana maji ni kazi yao.

Komando wa Koroboi
Naomba kutofautiana kidogo. Tuliosoma na koroboi, peku, tumbo tupu, mbona tumetoboa? Watoto wa siku hizi mnawatafutia visingizio tu.

Mleta mada
Mkuu heshima yako, ila mlianza wangapi la kwanza na mmetoboa wangapi?

Komando wa Koroboi
Hapo umenibana. Tuliofika sekondari tulikuwa wachache, wengi wako palepale kijijini. Na mi nilikuwa na mjomba dukani Makambako aliyeninunulia madaftari, siwezi kukataa.

Mama Pacha
Mjomba! Kumbe. Wengine hatukuwa na mjomba. Mi kila mwezi nilikosa shule kwa sababu ya kitambaa, hesabu zikipigwa na mimi sipo, nikirudi wako mada nyingine. Za mafungu nilikuja kuzielewa nikiwa mtu mzima, nauza vitenge. Sasa hivi mabinti zangu pedi nanunua kabla ya sukari na baba yao ameshazoea.

Mtu wa Nyanda
@Chaki Mkononi hapo ulipo sasa uji mnafanyaje? Nataka nikaseme kwenye kikao huku kwetu.

Chaki Mkononi
Kila mzazi analeta mahindi baada ya mavuno, kiasi mnakubaliana kikaoni, na hela kidogo ya kusaga. Asiye na mahindi analeta kuni au anakuja kupika zamu yake. Ugomvi ulikuwa kwa wale wasioleta chochote, wengine wakasema mtoto wake asinywe. Mwenyekiti akawauliza kosa la mtoto ni lipi, ikapita kwa shida, wawili walinuna mpaka leo. Wote wanakunywa. Ila weka mtu wa kushika daftari la stoo ambaye si mwalimu, la sivyo mahindi yakiisha mapema utaitwa mwizi wewe.